Maswali ya Wasomaji: Ufaulu wa juu chuoni na fedha za masomo

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zimetoka Nyanda za Juu Kusini, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa namna mbalimbali: kijana akifaulu vizuri sana chuo kikuu, ni nani atakayemlipia masomo yanayofuata, na aanze kumtafuta lini? Nimechagua barua tano. Walioziandika wameomba majina yao yasitajwe, nami nimeheshimu ombi lao.

Mama mkulima wa viazi, Uyole, Mbeya: *Hujambo mwandishi. Binti yangu yuko mwaka wa pili wa uhandisi hapa hapa Mbeya na GPA yake, yaani wastani wa alama zake, ni 4.5. Mkopo wa Bodi unalipa sehemu tu ya ada, iliyobaki nailipa mimi nikishauza viazi, na bei ya viazi unaijua mwenyewe. Jirani yangu anasema upo ufadhili wa Mama Samia unaowalipia wanaofaulu vizuri, na kwamba nimechelewa tu kumwombea. Je, ni kweli? Naogopa nisije nikamnyima mtoto haki yake kwa kutokujua.*

Shikamoo mama. Hukumnyima mtoto chochote, na ningependa uanze kwa kuliondoa hilo moyoni.

Samia Skolashipu ipo kweli. Ilianza mwaka wa masomo 2022/2023, inasimamiwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na huwalenga vijana waliopata matokeo ya juu kabisa ya kidato cha sita katika tahasusi za sayansi, wanapoingia chuoni kusomea sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au tiba. Kinachoangaliwa ni matokeo ya kidato cha sita na si GPA ya mwaka wa kwanza, kwa hiyo mlango huo hufunguliwa mwanafunzi anapoingia chuoni na haufunguliwi tena akiwa katikati ya masomo. Ninakueleza waziwazi ili usije ukatoa nauli ya kumpeleka Dar es Salaam kufuatilia jambo ambalo halitampa jibu.

Kuhusu mkopo, liko jambo ambalo wazazi wengi hawaelezwi. Bodi hupanga mkopo kwa kuangalia uhitaji wa mwombaji na haiangalii wingi wa alama zake. Binti yako hata akipata 5.0, mkopo hautaongezeka kwa sababu hiyo. Kinachoweza kubadilisha kiwango ni ushahidi wa hali ya nyumbani: kama mzazi mmoja amefariki na cheti cha kifo kimehakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kama kaya yenu imo katika mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini, kama yeye au mzazi wake ana ulemavu uliothibitishwa na daktari. Dirisha la rufaa linapofunguliwa, kaeni pamoja mwangalie ni karatasi ipi haikuwekwa mara ya kwanza. Nimeona familia zilizopata kiwango kidogo kwa sababu tu cheti kimoja kilikuwa bado hakijahakikiwa siku ya mwisho ya maombi.

Chuoni kwenyewe aende ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, na aende pia kwa mkuu wa idara yake. Vyuo vingi hutoa zawadi za mwaka kwa wanafunzi bora wa kozi au wa fani, nyingine zikiwa na fedha kidogo. Hazitoshi kulipa ada, lakini zikiandikwa kwenye wasifu zina uzito mkubwa baadaye. Aulize pia kama yupo mhadhiri mwenye mradi wa utafiti anayehitaji vijana wa kukusanya takwimu wakati wa likizo. Malipo yake ni madogo, ila kijana hutoka hapo akiwa na mtu anayemfahamu kwa kazi na si kwa namba ya usajili tu.

Sasa nikuambie thamani ya hiyo 4.5, kwa sababu mama unayelipa ada kwa viazi una haki ya kuijua. Katika vyuo vyetu daraja la kwanza huanzia GPA ya 4.4 hadi 5.0. Akimaliza mwaka wa pili akiwa bado na 4.5, na miaka miwili iliyobaki ikawa na uzito uleule wa krediti, atahitaji wastani wa 4.3 katika miaka hiyo ili ahitimu na 4.4. Nafasi ya kuteleza ni ndogo, lakini ipo, asiishi kwa hofu. Vyuo vikuu vya umma vinapoajiri wakufunzi wasaidizi, tangazo kwa kawaida hutaka shahada ya kwanza yenye GPA isiyopungua 3.8, na chuo kikishamwajiri kijana wa namna hiyo, humtarajia aendelee na uzamili na uzamivu, mara nyingi kwa fedha za chuo au za miradi. Mradi wa kuimarisha elimu ya juu uitwao HEET, ambao Serikali inautekeleza kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, umeweka mafunzo ya wanataaluma wa vyuo miongoni mwa shughuli zake.

Mkopo nao usikutishe. Akishaajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi hadi deni liishe, na ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, ambayo iliwafanya wahitimu wengi waone deni halipungui, ilifutwa mwaka 2021.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa ualimu wa sayansi, Iringa: *Fomu ya ufadhili wa Uingereza inataka niwe na shahada ya "honours" ya daraja la pili la juu. Chuo kimoja cha Afrika Kusini kinasema siwezi kuingia uzamili bila "honours". Rafiki yangu aliyeko Marekani anasema yuko kwenye "honours" tangu mwaka wa kwanza. Cheti cha kaka yangu hakina neno hilo popote. Je, shahada zetu ni za namna hiyo au sizo?*

Mdogo wangu, neno hilo limewafanya vijana wenye uwezo mkubwa waache fomu mezani, na linastahili kuelezwa taratibu. "Honours" kwa Kiswahili ni heshima, na kwetu "heshima" katika shahada hutukumbusha kiongozi anayevishwa joho kwa mchango wake kwa jamii. Kwenye fomu zako neno hilo halina maana hiyo, na tena linabadilika kila unapovuka mpaka.

Uingereza, shahada ya "honours" ni shahada ya kwanza ya kawaida ambayo matokeo yake hupangwa kwa madaraja: la kwanza, la pili la juu, la pili la chini na la tatu. Mfumo wetu una asili hiyohiyo, kwani chuo kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1961 kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London, na baadaye, mwaka 1970, kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenye kujitegemea. Madaraja tuliyonayo leo ni haya: GPA ya 4.4 hadi 5.0 ni la kwanza, 3.5 hadi 4.3 ni la pili la juu, 2.7 hadi 3.4 ni la pili la chini, na 2.0 hadi 2.6 ni ufaulu wa kawaida. Kwa hiyo fomu ya Uingereza ikidai daraja la pili la juu, nawe ukihitimu na 3.5 au zaidi, jaza bila kusita. Usisubiri neno lenyewe liandikwe kwenye cheti. Ukumbuke tu kwamba mfadhili ana kipimo chake na chuo unachoomba kina chake, na kipo chuo kitakachotaka zaidi ya 3.5 kutoka Tanzania. Ndiyo maana transkripti yako, yaani orodha rasmi ya alama zako, itumwe pamoja na ukurasa unaoeleza maana ya alama, ule ambao wanafunzi huuacha wakati wa kuskani kwa kuudhani hauna kazi. Mtu wa ng'ambo aliyezoea GPA ya juu kabisa kuwa 4.0 akiona 4.2 bila maelezo hatajua aifanyie nini.

Na kama unasoma Mkwawa, kumbuka kwamba chuo chenu, kilichoanzishwa mwaka 2005, ni chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Penye nafasi ya chuo kinachotoa shahada andika Dar es Salaam, na Mkwawa uitaje kama mahali uliposomea. Majina mawili yanayopishana kati ya fomu na cheti huzua maswali yasiyo ya lazima.

Afrika Kusini mambo ni tofauti kabisa. Huko "honours" ni shahada nyingine ya mwaka mmoja, inayofuata shahada ya kwanza ya miaka mitatu na kutangulia uzamili, nayo iko ngazi ya 8 katika mfumo wao wa sifa za kitaaluma. Mhitimu wa Tanzania mwenye shahada ya miaka mitatu anaweza kuambiwa aanze na mwaka huo, wakati mwenye shahada ya miaka minne, kama ya uhandisi, huenda akapokelewa uzamili moja kwa moja. Shahada yako ya ualimu ni ya miaka mitatu, kwa hiyo usikisie. Iandikie idara unayoiomba, uambatishe transkripti, uulize mambo mawili: kama watakupokea uzamili bila mwaka huo, na kama hawatakupokea, je, ufadhili utaulipia mwaka huo pia? Swali la pili ndilo linalosahaulika, na ndilo lenye gharama. Vyeti vya nje hutathminiwa huko na mamlaka iitwayo SAQA, na kazi hiyo ina ada na huchukua muda wake.

Marekani nako ni habari nyingine. Rafiki yako yumo katika programu maalumu ndani ya chuo chake, ambamo wanafunzi waliochaguliwa husoma katika madarasa madogo, hufanya utafiti wao wenyewe na mara nyingine hupata fedha za ziada za chuo. Kwetu hakuna mpango unaofanana na huo, na ukiomba uzamili Marekani hutahukumiwa kwa kutokuwa nao. Linalokaribiana nao ni utafiti wako wa mwaka wa mwisho, kwa hiyo ufanye kwa bidii inayostahili, na usikubali kununua utafiti ulioandikwa na mtu mwingine, jambo ambalo linaharibu vijana wetu wazuri. Siku ya usaili utaulizwa kuhusu ukurasa ambao hukuuandika wewe.

Kijana mhitimu, Rujewa, Mbarali: *Nilihitimu mwaka jana sayansi ya mazingira kwa GPA ya 4.6. Nimeomba ufadhili mara tatu, wa Chevening, wa DAAD na wa chuo kimoja cha Ulaya, na mara zote nimekataliwa. Watu wanasema bila kujuana na mtu hupati. Naanza kuwaamini.*

Mwanangu, usiwaamini bado, maana nimeyasoma maombi yako uliyoambatisha na ninaona sababu zilizo karibu zaidi.

Ya kwanza ni kwamba mawili kati ya hayo matatu yalikataliwa kabla mtu hajasoma sifa zako. Chevening, ufadhili wa Serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1983, hudai uzoefu wa kazi wa saa 2,800, yaani takribani miaka miwili. Kazi ya muda na ya kujitolea huhesabiwa, lakini wewe uliandika mafunzo kwa vitendo ya wiki nane tu. Programu ile uliyoichagua ya DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanataaluma, ya kozi za maendeleo zinazofundishwa Ujerumani, nayo hudai uzoefu wa miaka miwili baada ya shahada ya kwanza. GPA ya 4.6 haizibi pengo hilo. Hukushindwa na mwenzako. Uliomba kabla ya wakati wako.

Kwa mhitimu mpya kama wewe, milango iliyo karibu ni mingine. Shahada za uzamili za Erasmus Mundus zinazofadhiliwa na Umoja wa Ulaya hupokea hata aliye mwaka wa mwisho, humfanya mwanafunzi asome katika nchi mbili au zaidi, na anayepata ufadhili hupewa euro 1,400 kwa mwezi. Kozi nyingi hufunga maombi kati ya Oktoba na Januari. DAAD hiyohiyo ina mpango mwingine wa kufadhili uzamili na uzamivu katika vyuo vya Afrika, na sharti la kuangalia humo ni kwamba shahada yako ya mwisho kwa kawaida isizidi miaka sita tangu uipate. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola, uliobuniwa mwaka 1959, hutaka angalau daraja la pili la juu na mwombaji asiyeweza kujilipia masomo ya Uingereza. Programu ya Mastercard Foundation, iliyoanza mwaka 2012, inafanya kazi na vyuo kama Edinburgh, Pretoria, Cape Town na Makerere, na hutazama sana kijana aliyetoka katika hali ngumu. Hapa nyumbani fuatilia matangazo ya Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Arusha pamoja na tovuti ya Wizara ya Elimu, ambako hutangazwa nafasi zinazotolewa na serikali rafiki kama China. Dada zako waliosomea sayansi waambie pia kuhusu OWSD, shirika la wanawake wanasayansi lenye makao yake Trieste, Italia, ambalo hufadhili uzamivu kwa wanawake wa nchi kama yetu.

Sababu ya pili inaniuma zaidi, kwa kuwa ungeweza kuiepuka. Barua yako ya kueleza nia ni ileile kwa wafadhili watatu, umebadilisha jina tu. Inasema unapenda mazingira tangu utoto, kwamba wewe ni mchapakazi, na kwamba Tanzania inahitaji wataalamu. Hakuna sentensi hata moja inayoonyesha kwamba umekulia Mbarali. Nawe umekulia mahali ambapo wanasayansi wa nchi nyingine husafiri maelfu ya maili kuja kupachunguza! Bonde la Usangu ndilo linalolisha Mto Ruaha Mkuu. Mto huo ulianza kukauka nyakati za kiangazi katika miaka ya 1990, na maji yake ndiyo yanayokwenda kwenye mabwawa ya Mtera na Kidatu yanayozalisha umeme. Mashamba ya mpunga, mifugo, wanyama wa Hifadhi ya Ruaha na taa za mijini vyote vinagombea maji hayo. Wewe uliyeona mfereji ukikauka na wazee wakigombania zamu za maji, unaandika kwamba unapenda mazingira tangu utoto?

Andika upya. Eleza tatizo moja unalolijua kwa macho yako, sema ni kitu gani hasa hujui na ungependa kujifunza, taja kwa nini kozi hiyo na si nyingine, kisha ueleze utarudi kufanya nini na wapi. Mwenzako wa Uporoto angeweza kuandika vivyo hivyo kuhusu ukungu unaoua viazi na kazi inayofanywa na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, na wa Mufindi kuhusu chai. Fedha hizi hazitolewi ili kukupongeza kwa 4.6. Mtoaji anataka kujua utazigeuza kuwa nini, na GPA yako ni ushahidi tu kwamba una uwezo wa kufanya unachokisema.

Halafu kuna barua za mapendekezo. Umeniambia uliwaomba wahadhiri wawili siku nne kabla ya tarehe ya mwisho. Nimefundisha chuoni kwa miaka mingi, na ninakuambia kwamba mhadhiri mwenye wanafunzi mia tatu, akiombwa kwa siku nne, ataandika kwamba kijana huyu alihudhuria vipindi na ana tabia njema. Barua hiyo haimsaidii mtu. Mpe mwezi mzima, mpelekee transkripti, rasimu ya barua yako ya nia na maelezo ya ufadhili wenyewe, umkumbushe kazi uliyoifanya chini yake. Msimamizi wa utafiti wako anafaa kuliko profesa mwenye jina kubwa ambaye hakukumbuki.

Wakati unangoja, tafuta kazi inayohusiana na maji hata kama ni ya kujitolea, katika ofisi ya bonde au jumuiya ya watumia maji iliyo karibu nawe, na uandike saa zako kwenye daftari zikiwa na sahihi ya msimamizi. Baada ya miaka miwili ile milango miwili iliyofungwa itakuwa wazi kwako, nawe utakuwa na mengi zaidi ya kuandika.

Mzazi, Tunduma: *Mwanangu amepigiwa simu kwamba amechaguliwa kusoma Canada kwa ufadhili kamili. Wanataka shilingi 350,000 za kufungua faili, zitumwe kwa simu kabla ya Ijumaa. Tayari nimekopa. Nitume?*

Usitume, ndugu yangu, na fedha uliyokopa irudishe leo. Mwanao aliomba ufadhili huo? Kama hakuomba, hakuna aliyemchagua. Ziko gharama za kweli katika safari hii, kama ada ya kuomba chuo, mtihani wa Kiingereza, pasi ya kusafiria na viza, lakini hizo hulipwa kwa taasisi yenyewe kwa utaratibu uliotangazwa hadharani, na hazilipwi kwa namba ya simu ya mtu binafsi anayekupa siku mbili. Usifute ujumbe wao; nenda nao polisi, na mwanao aandikie moja kwa moja chuo kilichotajwa, kwa anwani iliyo kwenye tovuti ya chuo na si ile waliyompa.

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, Njombe: *Nitahitimu na GPA ya 3.4. Nimesoma maandiko yako yote kuhusu ufadhili na naona hakuna panaponihusu. Nimefungiwa?*

Ufadhili unaodai daraja la pili la juu kwa sasa hauko wazi kwako, na sitakudanganya. Hata hivyo, kama masomo ya muhula wa mwisho hayajaisha, keti na transkripti yako upige hesabu kwa krediti, maana kutoka 3.4 kufikia 3.5 kunaweza kuwa ni suala la somo moja au mawili tu. Ikishindikana, uzamili katika vyuo vya hapa nchini kwa kawaida huanzia GPA ya 2.7, kwa hiyo una sifa ya kuingia. Ukiusoma na kuufaulu kwa kiwango cha juu, kamati nyingi za uzamivu zitaanza na matokeo hayo mapya. Mwombe msimamizi wako akuonyeshe idara zenye miradi ya utafiti inayolipia wanafunzi wa uzamili, umwandikie mkuu wa mradi mmoja baada ya mwingine, na ufanye hivyo kabla ya mahafali, wakati bado anakuona kwenye korido.